Kati ya Mkonge na Kijito

Njeri ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya upimaji wa ardhi pale ofisini kwetu. Anasema mashine mlizo nazo zinawafundisha kusoma namba, lakini hakuna aliyewafundisha kusimama shambani. Njeri ndiye mpimaji mwenye leseni. Mimi nilikuwa chenimani, yaani mtu wa kushika mnyororo, kufyeka njia, kuchimba shimo la bikoni, ile alama ya saruji ya mpaka, na kubeba kila kitu ambacho mpimaji habebi. Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita, nikaacha magoti yalipokataa. Sikuvuka darasa la saba, kwa hiyo mkikuta makosa mnisamehe, au mumpelekee Njeri. Alijitakia mwenyewe.

Niliingia kazini kwa sababu ya ukuta wa mabati. Baba alikuwa mlinzi hapa Nairobi, akikaa Laini Saba katika chumba kimoja karibu na reli. Alipokufa, mama alifuata kabla mwaka haujageuka mara mbili. Nyumbani, baba mdogo Elamu na wazee wengine walikaa kikao wakatugawa: mimi niende kwa mjomba, Wycliffe abaki na Elamu, Dorcas apelekwe kwa shangazi. Mimi ndiye mkubwa. Nilisimama nikasema hatugawanyiki. Sijui nilipata wapi ulimi huo. Nikawaleta wote wawili Laini Saba, kwenye chumba cha baba, Wycliffe akiwa na miaka tisa na Dorcas sita. Upande wa pili wa ukuta wa mabati alikuwa anaishi Mzee Mutisya, mtu wa Machakos, chenimani wa miaka mingi. Alitusikia tukikohoa, tukigombana, tukigawana mkate. Asubuhi moja aligonga ukuta kwa kijiko.

"Wewe mkubwa huko, unajua kutumia panga?"

"Najua."

"Vaa viatu. Kama huna, vaa vyangu."

Siku hiyo tulikwenda Riruta, kupima shamba ambalo siku hizi limejaa maghorofa. Wakati ule kulikuwa na mahindi, napia na ng'ombe wawili waliotuangalia kana kwamba tunawaibia. Mzee Mutisya alinipa pete ya mnyororo wa chuma, yeye akaenda na upande wa pili mpaka akawa mdogo. Nikashika pete kwa mkono mmoja, mkono mwingine mfukoni.

"Wewe kijana!" alipaza sauti. "Hiyo si kamba ya ng'ombe! Vuta!"

Nikavuta kwa nguvu zote. Mnyororo ulikaza, na Mzee Mutisya akaanguka kifudifudi kwenye mahindi. Aliinuka, akapangusa magoti, akatoa jani mdomoni. Mpimaji, aliyekuwa bosi wetu, alikuwa ameinama kwenye mashine akijifanya hakuona.

"Sasa umenipima mimi," alisema mzee. "Rudi mahali pako."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Nitawaambia vitu vichache ambavyo havimo kwenye mashine. Tepu ya chuma hurefuka kwenye jua. Asubuhi na saa nane si tepu ile ile, na ndiyo maana tulikuwa tunaivuta kwa mizani ndogo ya springi ili mvuto usibadilike, na bosi akiandika joto la siku kwenye kitabu chake. Timazi ibebeni ndani ya soksi, si mfukoni, maana ncha yake itawachoma paja na hamtasahau. Mkifyeka njia kwenye shamba la mtu, mwambieni kwanza ni mimea mingapi itakatwa, kisha kateni michache zaidi ya hiyo. Na mkimkuta mbwa, wa mbele asikimbie. Wa mbele akikimbia, wa nyuma atabaki na mbwa na mashine yote.

Na chini ya bikoni, zamani, tulikuwa tunazika alama ya pili. Mara nyingi ilikuwa shingo ya chupa, au kipande cha chuma, futi moja hivi chini ya saruji. Mwenye shamba hakuambiwa. Watu huhamisha bikoni, lakini hawajui kuhamisha wasichokijua. Nimechimba mara nyingi mbele ya mtu anayeapa kwa jina la mama yake kwamba bikoni haijaguswa, halafu chupa ikatokea hatua tatu kutoka pale aliposimama. Hakuna furaha katika jambo hilo. Mtu huyo anakuangalia kama wewe ndiye uliyeiba.

Kesi iliyonibadilisha ilikuwa Kawangware. Mzee mmoja, fundi cherehani, alikuwa amejenga nyumba ya mawe vyumba vitatu, akiongeza kimoja kila alipopata nafasi. Jirani yake mpya alitaka mpaka upimwe. Tulipima. Mstari ulipita katikati ya chumba cha kulala. Tulipima tena kutoka upande mwingine, kwa sababu bosi wetu alikuwa mtu mwangalifu na mwenye huruma, na mstari ukapita pale pale. Yule fundi aliniuliza mimi, si bosi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kigingi.

"Kijana, hicho unakipigilia wapi?"

"Hapa, mzee."

"Hapo ni miguuni pa kitanda changu."

Nikakipigilia. Wiki chache baadaye tulipita njia ile nikaona chumba kimekatwa kama mkate, ukuta wenye rangi ya bluu ukitazama barabara, msumari wa kutundikia koti bado upo. Mzee Mutisya alisema hayo ni mambo ya kazi, niyaache kazini. Sikuyaacha. Niliyabeba mpaka nyumbani, na huko ndiko yalikofanya madhara.

Sasa lazima niwaeleze kwetu palivyo, maana bila hapo hamtaelewa yaliyobaki.

Kwetu ni mpakani. Wakati ule tulikuwa bado na mikoa, na mpaka wa Mkoa wa Magharibi na Mkoa wa Nyanza ulipita mlangoni kwetu, isipokuwa hakuna aliyekubaliana na mwenzake ulipita wapi hasa. Baba alituachia vipande viwili vya ardhi. Cha juu kilikuwa cha babu, kwenye mwinuko wenye mawe, ndani ya Magharibi bila ubishi. Makaburi ya baba na mama yapo hapo. Ukiondoa makaburi na mawe, inabaki nafasi ya nyumba moja. Cha chini baba alikinunua mwenyewe: tambarare, udongo mweusi, nafasi ya boma tatu. Hicho kilikuwa kati ya mstari wa mkonge na kijito. Wazee wengine walisema mpaka wa mikoa ni kijito. Wengine walisema ni mkonge, kwamba mkoloni aliupanda kwa kazi hiyo. Hati ya baba iliandikwa upande wa Magharibi. Kama mpaka ni kijito, hati ni nzuri. Kama mpaka ni mkonge, basi ardhi iko Nyanza, na karatasi ya baba haina kazi, na ukoo wa aliyeuza ungeweza kuja siku yoyote na kutuambia tuondoke. Chifu wa upande huu aliita watu wa pale wake. Chifu wa upande ule naye aliwaita wake. Wakati wa kugawa mbegu kila mmoja alisema ni wa mwenzake.

Na kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Si sheria ya serikali, lakini hakuna mtu ninayemjua aliyeivunja akakaa kwa amani. Mkubwa akishasimamisha nyumba, wadogo wanafuata. Mpaka hapo wanangoja. Na mwanamume hazikwi kwao kama hana nyumba.

Kwa hiyo nilikuwa nachagulia watu wawili. Nikijenga juu, mimi niko salama, na Wycliffe hana mahali. Nikijenga chini, sote tuna mahali, au hatuna kabisa. Mtu mwingine angerusha sarafu akachagua. Mimi nilikuwa nimeshika kigingi miguuni pa kitanda cha mtu. Nikasema tungoje kwanza, mpaka wa mikoa ujulikane.

Wycliffe alikuwa fundi wa mawe na plasta. Alijifunza akiwa amemaliza darasa la nane, na Dorcas akaendelea na shule mpaka ualimu, kwa jasho letu wawili. Alioa Beatrice, wakahamia Gatina, hapa hapa Nairobi, ghorofa ya tatu katika jengo ambalo alilipiga plasta mwenyewe. Alipenda kuwaambia wageni. "Ukuta huu ni mkono wangu. Ukiona ufa, huo ni wa mwenye nyumba." Vijana wake wa mjengo walimpenda na kumtania. Nilimtembelea siku moja mahali walipokuwa wakijenga, Riruta, nikamkuta juu ya jukwaa, na mmoja wao, Mkamba anayeitwa Kioko, akaniita kutoka chini.

"Mzee, wewe ndio bro wa Wycliffe? Mwambie ajenge kwao hata choo! Fundi wa maghorofa na kwao analala kwa jamaa!"

"Wachana na bro wangu," Wycliffe alijibu kutoka juu. "Huyu ndiye mwenye funguo. Bado anazitafuta."

Wote walicheka. Mimi pia.

Desemba moja tulisafiri nyumbani pamoja. Wycliffe alikuwa amekwisha kufyatua matofali, ameyapanga kwa baba mdogo Elamu na kuyafunika kwa nyasi. Tulisimama chini, kati ya mkonge na kijito, mimi, Wycliffe na baba mdogo. Baba mdogo alikuwa na fimbo yake.

"Haya, Jafeti," aliniambia. "Juu au chini? Matofali haya yataota uyoga."

"Baba, mpaka bado una shaka. Ningoje niupime."

"Si wewe ndio wa kupima?" Wycliffe aliuliza. "Bro, kila siku uko kwa mashamba ya watu."

"Mimi ni chenimani. Inahitaji mtu wa leseni, na ramani za pande zote mbili."

"Si umwambie bosi wako?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia, Wycliffe."

Baba mdogo alichora mstari mdogo kwenye udongo kwa fimbo. "Mlango wa huyu umeufunga wewe," alisema. "Sisemi kwa ubaya. Nakukumbusha tu kwamba uko mkononi mwako."

Nitaandika ukweli hapa kwa sababu sina tena sababu ya kuuficha. Sikumwambia bosi. Nilifanya naye kazi miaka yote ile, mpaka alipostaafu na ofisi ikawa ya Njeri, na sikuwahi kumwomba. Nilijiambia ni aibu kumtoa mkubwa wangu safari ndefu kwa kazi ya kwangu. Haikuwa hiyo. Nilikuwa naogopa jibu. Ardhi isipopimwa ilikuwa bado ya baba. Alivaa koti moja la ulinzi miaka kumi na moja ili aipate. Nikiipima na mstari ukaanguka kwenye mkonge, ningekuwa mimi, mtoto wake, niliyemnyang'anya. Kwa hiyo niliendelea kupima vya watu kwa uangalifu mkubwa, na watu wakanisifu kwamba Jafeti hana haraka.

Mikoa ikafutwa, zikaja kaunti. Nilidhani sasa mambo yatajulikana. Walibadilisha mabango ya barabarani tu. Mkonge ukabaki mahali pake na kijito mahali pake. Mzee Mutisya alirudi kwao Machakos, akanipigia simu mara kadhaa kuniuliza kama nimejenga, kisha simu zikakoma, na mtoto wake akaniambia kwa nini. Nilikwenda kumzika. Nyumba yake ilikuwa na baraza na miti ya maembe aliyoipanda mwenyewe. Nilikaa kwenye hiyo baraza nikala wali wa msiba, na hata hapo sikuelewa kitu.

Njeri alikuja ofisini akiwa mdogo, ametoka chuo. Siku ya kwanza alikuja shambani na viatu vyeupe. Nilimpa vyangu vya mpira, nikafanya kazi na soksi. Alijifunza haraka kuliko wote niliowaona, na alileta mashine inayozungumza na setilaiti. Nilifikiri kazi yangu imekwisha. Akaniambia, "Mzee Jafeti, setilaiti haijui kuongea na mama mwenye hasira. Wewe bado unahitajika." Nikabaki miaka mingine.

Wycliffe alianza kuvimba miguu. Alifikiri ni kusimama kwenye jukwaa. Walipompima, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha kuchoka. Akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku za katikati alikuwa amelala pale Gatina, akitazama ukuta wake. Kupanda hadi ghorofa ya tatu kulikuwa safari. Kioko na vijana wengine walikuwa wanampandisha kwa zamu, wakimkalisha kwenye kiti cha plastiki na kukibeba kama kiti cha bwana harusi, na majirani wakipiga vigelegele ili asione aibu.

Nilimtembelea kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili moja Beatrice alikuwa ameenda kuteka maji, tukabaki wawili.

"Bro," alisema. "Yale matofali bado yako?"

"Yako. Baba mdogo anayaangalia."

"Ya juu yatakuwa yameharibika na mvua. Ya ndani ni mazima." Akapumua kwa shida. "Nataka chini. Nataka mlango utazame kijito."

"Ukipata nafuu tunaenda. Nitaongea na Njeri, tutapima kwanza."

Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi.

"Wewe! Utanipima mimi kwanza, utaona."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nikampangusa mdomo. Na Jumatatu, Mungu ni shahidi, nilisimama mlangoni kwa Njeri ofisini, mkono umeinuliwa kugonga. Alikuwa anaongea na mteja kwa simu. Nikasema nitarudi baadaye. Nikaenda kupaka mafuta miguu ya mashine, ambayo haikuhitaji mafuta.

Wycliffe alikufa Alhamisi hiyo, kabla ya saa sita mchana, kwenye kile kiti cha plastiki. Vijana walikuwa wamefika naye ghorofa ya pili. Kioko aliniambia walisimama hapo kupumzika, Wycliffe akawaambia, "Polepole, plasta ya hapo si yangu," na walipoinua kiti tena alikuwa mzito kwa namna nyingine.

Baba mdogo alinipigia simu jioni ile ile. Hakulia. Aliuliza swali moja.

"Mnamleta wapi? Juu au chini?"

Sikuwa na ramani, sikuwa na mashine, sikuwa na kitu.

"Chini," nilisema.

"Basi njoo mapema. Kuna nyumba mbili za kujenga."

Mbili, kwa sababu yake haikuweza kusimama bila yangu. Nilitangulia na mke wangu na vijana wa mjengo kumi na wanne, waliojipakia kwenye lori na mabati, miti na mifuko ya simiti. Tulifika Ijumaa ya wiki iliyofuata, jua likiwa limechomoza vizuri, na maiti ilikuwa inafika alasiri. Baba mdogo alinipa jembe nichimbe shimo la nguzo ya kwanza. Maisha yangu yote sijachimba shimo bila kamba na vigingi vinne. Nilipiga hatua, nikatazama kijito, nikachimba. Kabla ya saa nne nyumba yangu ilikuwa imesimama, mabati matupu, futi kumi kwa kumi. Mke wangu akawasha moto ndani, akachemsha chai, nikanywa, na wazee wakasema imetosha, mkubwa ameingia. Kisha vijana wakahamia hatua ishirini mbele na kuanza ya Wycliffe.

Walifanya kazi wakitaniana, kama walivyozoea. Nilisikia mmoja akisema Wycliffe angewafukuza kazi kwa mlango uliopinda vile, mwingine akamwambia bosi anakuja saa tisa, anyooshe. Wakanyoosha. Mlango waliuelekeza kwenye kijito, bila mimi kuwaambia. Nafikiri alikuwa amekwisha kuwaambia wao.

Halafu nikaona Kioko anachanganya saruji.

"Ya nini?" nilimuuliza. "Hakuna muda."

"Mzee, huyu jamaa amefundisha sisi wote plasta. Haingii kwa nyumba ya vumbi."

Wakapiga sakafu. Waliilainisha kwa magoti, wakirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, mpaka ikang'aa kama ya benki. Gari lilipofika saruji ilikuwa bado mbichi, ikabidi waweke mbao za kukanyagia. Jeneza lilikaa humo masaa mawili, mlango wazi. Ndiyo nyumba aliyokaa mdogo wangu.

Njeri alikuwa amekuja na gari lake kutoka Nairobi. Baada ya mazishi, watu wakila, alinivuta kando. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka kwa vijana wa lori kabla hawajaondoka Nairobi.

"Mzee, kwa nini hukuwahi kuniambia?"

Nilimwekea chapati mkononi.

"Nilipitia ofisini kabla ya kuja," alisema. "Nilitoa ramani zote mbili, ya huku na ya kule. Mashine iko kwa gari. Ukitaka nipime, napima. Usipotaka, naila hii chapati narudi."

Nikamwambia apime. Nilitaka kumshikia fimbo, akakataa, akasema leo nikae. Nilikaa kwenye tofali, moja ya yale ya Wycliffe, la ndani, zima. Alitembea kwenye mkonge, akatembea kwenye kijito, akasimama, akaandika, akasimama tena. Haikuchukua nusu saa. Alikunja miguu ya mashine polepole sana.

"Ni kijito," alisema. "Ramani zote mbili zinasema kijito. Hazijawahi kusema kingine. Hakuna shida na hati ya mzee wenu. Haikuwahi kuwa na shida."

Nilimshukuru. Aliondoka kuelekea kwenye gari bila kugeuka, na niliona anajipangusa uso kwa mkono wa sweta.

Ninyi vijana, msidhani nawaambia msiwe waangalifu. Vuteni tepu kwa mizani. Pimeni kutoka pande mbili. Mwenye shamba akilia, pimeni mara ya tatu. Lakini mtu akiwaomba mahali pa kukaa, na mnampenda, na mnajua anaumwa, muulizeni mpimaji siku hiyo hiyo. Gongeni mlango hata kama anaongea na simu.

Beatrice alikuwa anakusanya vyombo. Alikuwa ameona mashine, na ni mke wa fundi, alijua ni ya nini. Alikuja akasimama mbele yangu na sufuria mikononi.

"Shemeji, amesema nini?"

"Amesema ni kwetu. Mpaka ni kijito."

Aliitikia kwa kichwa. Hakushangaa. Alitazama ile nyumba ya mabati, mlango wake, mbao zilizobaki juu ya saruji.

"Na ingekuwa ni mkonge? Iwe Nyanza. Ungempeleka wapi?"

Nilifikiri. Nilitaka kumjibu vizuri, kwa ukweli, angalau siku hiyo. Juu palikuwa na mawe na makaburi mawili. Chini alipataka mwenyewe.

"Ningemleta hapa hapa," nilisema. "Wangekuja kutufukuza, wangetukuta."

Beatrice aliweka sufuria chini.

"Basi si ungemjengea tu, shemeji," alisema.